Ofisi ya sacco ndani ya nyumba ya mawe, Lamu

Sacco ikipata nyumba ya zamani na kutaka ofisi ya kisasa, jambo la kwanza huwa ni kuvunja ukuta wa kati ili upatikane ukumbi mmoja mpana. Tafadhali, msivunje. Vyumba vya Lamu ni vyembamba, kwa kawaida havifiki mita 3, kwa sababu boriti za mikoko hazivuki zaidi ya hapo. Ukuta huo ndio uliobeba dari. Tena mji wa kale uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo michoro ipite kwanza Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Nyumba yenyewe imekwisha kuwapangia faragha. Daka (kibaraza cha mlangoni), tekani (ukumbi mdogo wa kuingilia), kiwanda (ua wa ndani), msana wa tini na msana wa yuu (vyumba virefu viwili vinavyofuatana), kisha ndani (chumba cha faragha): kila hatua wanaoruhusiwa hupungua. Foleni ikae kwenye baraza za daka na kivuli cha kiwanda, keshia awe msana wa tini, mikopo msana wa yuu, faili na sefu ndani. Hapo hamhitaji vioo vya kugawa ofisi, ambavyo hata hivyo mara nyingi havizuii sauti vya kutosha.

Sauti ndiyo ya kuangaliwa sana. Kuta za chokaa ni ngumu, maneno hugonga na kurudi, na mwanachama aliyechelewa kulipa hapaswi kusikiwa na jirani yake aliye foleni. Wekeni mlango mzito wa mbao usioacha mwanya chini, na nyuma ya meza ya mikopo mtundike pazia nene lenye mikunjo, sentimita 5 mbele ya ukuta. Mkeka mwembamba hausaidii.

Sasa kuta. Mawe ya matumbawe yaliyojengea kuta hunyonya unyevu kutoka chini, na unyevu hupanda na chumvi. Mkipiga plasta ya saruji na rangi ya plastiki, maji hayana pa kutokea. Chumvi huganda nyuma ya rangi, rangi huvimba kama lengelenge, na ukiigusa kwa kidole unga mweupe humwagika. Kuongeza rangi juu yake ni kutupa pesa. Bandueni saruji yote, mpige chokaa iliyozimwa na kuiva, sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3. Mchanga usiwe wa pwani, wala maji yasiwe ya kisima cha chumvi. Kila tabaka lisizidi milimita 10, lifunikwe kwa magunia mabichi siku kadhaa, la sivyo upepo utalikausha upesi na litatoka nyufa. Malizieni kwa chokaa nyepesi ya kupaka, mikono 3 au 4. Makabati yaache nafasi ya sentimita 5 nyuma, na nyaya zipite kwenye mabomba juu ya ukuta badala ya kuchimba matumbawe.

Eyakondisheni iwe kwenye chumba cha kompyuta tu, digrii 25 hivi. Ikishushwa sana huku mlango ukifunguliwa kila mara, hewa ya bahari hutoa jasho juu ya kila kilicho baridi, na karatasi huota ukungu.

Kaunta ya kusimama iwe sentimita 105, na kipande kimoja kishuke hadi 75, wazi chini, kwa mwenye kiti cha magurudumu na mzee anayetaka kuketi. Bawaba na skrubu ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu. Za kawaida huliwa na chumvi. Sefu ikae sakafu ya chini, juu ya zege. Boriti za orofani hazikuwekwa kubeba uzito wa namna hiyo mahali pamoja.