Mi ya kinanda sio mi ya koo

Naimba sauti ya pili kwaya ya kanisani, na miaka yote naambiwa mi yangu, ile noti ya tatu ya do-re-mi, iko chini, mwalimu anabonyeza kinanda, "sikia, panda kidogo", basi napanda. Sasa kuna siku umeme ukakatika katikati ya mazoezi tukaendelea hivyohivyo, tukafika mwisho wa wimbo, besi wako do, watu wa tenori wameshika so, mi ni ya kwetu, tukaiachia ikashuka kidogo tu na ghafla ukumbi mzima ukalia, yaani kama kuna sauti ya tano hewani na hakuna anayeiimba. Nilisisimka mwili.

Nikaja kuielewa hesabu yake baadaye. Kinanda kimeigawa oktevu, yaani do mpaka do ya juu yake, vipande 12 vilivyo sawa, kila kimoja senti 100 (senti ni kipimo cha umbali kati ya noti), hivyo do mpaka mi ni senti 400. Ila sauti za watu zikikubaliana mi na do zinakaa kwa uwiano wa 5 kwa 4, do ikiwa hezi 440 (mawimbi 440 kwa sekunde) mi inakuwa 550 kamili, wakati ya kinanda ni 554 na kitu. Ni tofauti ya senti 14 hivi, ndogo, lakini shikilia noti ndefu uone, ya kinanda inatetema wawawawa na ile ya 550 imetulia tuli. Noti ya so haina shida, toka do ni senti 702 kwa sauti safi na 700 kwa kinanda, hata husikii. Anayeumia ni mi. Kinanda nacho kimepangwa vile ili do uiweke popote unapotaka, na kikiwa kinapigwa lazima tukifuate, hilo sibishi.

Ninachobisha ni kwaya ikishuka sauti tunaambiwa wavivu. Chukua mwendo wa do, la, re, so, kisha do, kila mtu ashike noti yake ya nyuma na kulinganisha safi kabisa: ukirudi do umeshuka senti 22 hivi, rudia mara tano ni nusu toni nzima, kipande kizima kwenye kinanda! Na hakuna aliyekosea. Uvivu upo, pumzi fupi zipo, lakini wakati mwingine watu wanashuka kwa sababu wanasikilizana vizuri mno.

Siku hizi tunaanza mazoezi kinanda kikiwa kimezimwa, besi na tenori wanashika do na so, sisi tunaingia na mi kutokea juu, taratibu, mpaka ule mtetemo uishe.