Nilivyozirudishia uhai ekstensheni za simu ya nyumbani baada ya kuhamia simu ya intaneti

Uingereza inauzima mtandao wa zamani wa simu za mezani ifikapo tarehe 31 Januari 2027. Tunaoishi huku tunahamishiwa simu ya intaneti mmoja mmoja, na kwa mwenye simu moja kazi ni nyepesi: anaichomoa ukutani, anaichomeka nyuma ya ruta, basi. Tabu iko kwa mwenye ekstensheni, yaani soketi za ziada za simu katika vyumba vingine. Soketi za jikoni na za vyumba vya juu zinabaki bubu, kwa kuwa zilikuwa zikilishwa na laini ya mtaani, na laini hiyo haibebi sauti tena.

Nyaya zilizomo ukutani hazina kosa lolote. Nilichofanya ni kuzibadilishia chanzo, ruta ikachukua nafasi ya laini ya nje. Ila kwanza hakikisha namba yako imeshahamia kwenye ruta: chomeka simu moja, bila kupitia ukutani, kwenye tundu la simu la ruta, usikilize kama kuna mlio wa laini, upige na upigiwe. Kama hapo hakuna kitu, nyaya za nyumba hazihusiki, na ni kampuni ndiyo ya kuulizwa.

Jambo lisilo na mjadala ni kuzitenga nyaya za ndani na laini ya mtaani kabla ya kuzigusisha na ruta. Laini iliyo hai ina takriban volti 50 za mkondo mnyoofu, na inapoita hupanda kiasi cha kukupiga shoti. Ikikutana na umeme wa ruta, sehemu ya simu ya ruta inaweza kuungua. Soketi kuu za Openreach (kampuni inayosimamia laini nyingi za mtaani) zilizo nyingi zina uso wa vipande viwili. Fungua skrubu mbili, vuta kipande cha chini, na nyaya za ekstensheni zitakuja nacho kwa sababu zimefungwa mgongoni mwake. Kinachobaki ukutani ni mali yao, usikiguse.

Mwenye faiba (waya wa kioo unaoleta intaneti) hadi ndani anaweza kuiacha soketi kuu ikae bila kazi. Lakini kama intaneti yako bado inakuja kwa waya wa shaba, ruta lazima iendelee kuchomekwa pale. Hapo zitoe nyaya za ekstensheni kwenye kipande hicho, funga kila ncha kwa tepu ya umeme, kisha ukirudishe kipande peke yake. Intaneti nayo hunufaika, maana nyaya za ekstensheni huokota kelele kama antena.

Piga picha kabla ya kutoa chochote. Kila kifungio cha waya kina namba yake; zinazohitajika ni 2 na 5, ndizo zinazobeba sauti: kwa kawaida bluu yenye pete nyeupe iko 2, nyeupe yenye pete za bluu iko 5. Rangi ya chungwa yenye pete nyeupe iko 3, nao ni waya wa mlio. Nyumba za zamani zina rangi za kila aina, kwa hiyo fuata namba.

Kisha chukua multimita (kipimo cha umeme) uende kwenye soketi yoyote ya ekstensheni, simu zote zikiwa zimechomolewa. Kati ya 2 na 5 pasiwe na volti hata kidogo. Pima na ukinzani: usome kama njia iliyokatika. Ukiona njia haijakatika, huenda kuna kifaa kimesahaulika kwenye mstari, kwa mfano king'amuzi cha televisheni au kengele ya wezi.

Kulisha ni waya mmoja kutoka tundu la simu la ruta hadi soketi ya ekstensheni iliyo karibu nayo. Umeme ukiingia hapo unafika kwenye soketi zote. Kama ruta ina tundu la Kiingereza, lile la soketi za simu za ukutani, tafuta waya wenye plagi ya Kiingereza pande zote mbili. Kama ina tundu dogo la RJ11, angalia sana unachonunua: waya za RJ11 kwenda plagi ya Kiingereza ziko za aina mbili zinazofanana kabisa kwa macho. Moja hupeleka 2 na 5 kwenye pini za katikati za RJ11, nyingine kwenye pini zake za pembeni. Unataka ya katikati. Ukiweka ile nyingine hupati chochote, na utazilaumu nyaya za ukutani bure.

Tatizo linalowasumbua wengi ni simu yenye mlio wa laini, inayopiga vizuri, lakini haiiti. Soketi kuu ilikuwa na kapasita (kijisehemu cha umeme) ya mikrofaradi 1.8 iliyokuwa ikipeleka mlio kwenye namba 3. Ukishazitenga nyaya, kapasita hiyo imebaki upande wa pili. Simu za kisasa huita kwa nyaya mbili tu. Za zamani za Kiingereza husubiri namba 3. Niliitoa ile soketi ninayolishia nikaweka nyingine yenye kapasita ndani, inayouzwa kwa ajili ya mitambo ya simu za ofisini. Kama simu ya namna hiyo ni moja tu, adapta ndogo yenye kapasita inatosha.

Geuza pia kila simu usome REN yake chini, yaani kipimo cha mzigo inaouweka kwenye laini inapoita. Laini ya zamani ilibeba jumla ya 4. Ruta zingine hubeba pungufu, na kitabu chake kinaeleza. Ukizidisha, kengele zinalia kwa unyonge au hazilii kabisa. Simu ya kuzungusha namba inaweza kupokea lakini isipige, kwa kuwa ruta nyingi hazielewi mapigo yake.

Kama hujali aina ya simu, ushauri wangu ni seti ya simu za DECT (simu za nyumbani zisizo na waya): kitako kimoja kwenye ruta, mikono mingine ya simu popote penye umeme. Nyaya zina faida pale mzee anapotaka simu yake ya vitufe vikubwa ibaki mahali pake.

Umeme ukikatika, simu zote hizi zinakufa, na 999, namba ya dharura, pamoja nazo. Betri ya akiba lazima ilishe ruta na kisanduku cha faiba pia. Linganisha volti na ampea zilizoandikwa kwenye adapta zao. Ofcom, msimamizi wa mawasiliano wa Uingereza, inazitaka kampuni ziwape wateja walio hatarini njia ya kupiga simu ya dharura kwa angalau saa moja umeme ukikatika, kwa hiyo iombe. Mwenye kengele ya dharura ya kuvaa shingoni awaarifu wanaoisimamia kabla ya kuhama, na ijaribiwe wao wakiwa kwenye laini.

Bandika karatasi kwenye soketi kuu: "Ekstensheni zinalishwa na ruta, usiziunganishe hapa." Fundi atakayekuja mwakani hatakuwa na njia nyingine ya kujua.