Nilivyowapata Wakasigau wa 1915 katika Nyaraka za Taifa, bila barua ya profesa

Nianze na walioniambia haiwezekani kuzipata karatasi za wakoloni juu ya wazee wetu, maana ni wengi na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyerudi kusema pole.

Jamaa mmoja wa kamati yetu ya ardhi aliapa kwamba Waingereza walichoma kila karatasi kabla ya kuondoka. Mwingine akasema hazikuchomwa, zilibebwa zote zikapelekwa Uingereza. Mwalimu mmoja mstaafu, mtu ninayemheshimu sana kwa mambo mengine, akanihakikishia kwamba bila barua ya profesa askari wa mlangoni hatanipa hata nafasi ya kusalimu. Na shemeji yangu, kwa wema wake, akanipa namba ya kijana wa Nairobi "anayejua mtu ndani".

Shida yetu ilikuwa hivi. Sisi ni watu wa Kasigau, kule Taita Taveta, vijiji vitano vinavyouzunguka mlima: Rukanga, Jora, Kiteghe, Bungule na Makwasinyi. Tangu Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 itoke, kila mtu anaulizana nani alikuwa wapi tangu lini. Katika kikao kimoja, bwana mmoja mwenye miwani ya bei akatuambia usoni kwamba Kasigau ilikuwa pori tupu, wazee wetu walikuja miaka ya thelathini, na hayo mengine ni hadithi za vikongwe.

Nyanya yangu mzaa baba alikuwa kikongwe kweli, lakini hadithi yake haikuwa ya sungura na fisi. Agosti 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walivuka mpaka kutoka Tanzania ya sasa, wakakiteka kituo cha Waingereza pale Kasigau, na kwa miezi kadhaa wakautumia mlima kuisumbua reli ya Uganda. Waingereza wakawalaumu wenyeji kwamba ndio walioonyesha njia. Vijiji vikachomwa moto, watu wote wakahamishwa kwa nguvu mpaka Malindi, kwenye joto na malaria ambayo miili ya watu wa mlimani haikuizoea. Walikufa wengi. Hata vita vilipokwisha hawakurudishwa mlimani. Walikaa sehemu nyingine za Taita mpaka miaka ya 1930. Kwa hiyo bwana wa miwani alikuwa na ukweli kidogo: wazee walikuja kweli miaka ya thelathini. Walikuja nyumbani.

Nikapanda treni Voi, nikashuka Syokimau, na kuanzia hapo ukifika mjini hupotei, maana kila mtu Nairobi anajua "Archives". Ni jengo la zamani la benki, Moi Avenue, ng'ambo ya sanamu ya Tom Mboya. Nusu ya jiji hukutana hapo nje: wapenzi, wahubiri, wauza karanga, wanaosubiri mtu mwenye deni lao. Wanaoingia ndani wanahesabika.

Yule kijana wa shemeji tulikutana hapohapo nje. Alivaa koti zuri. Akaniambia kwa sauti ya chini, huku mhubiri akipiga kelele mgongoni mwetu, kwamba kuna ada ya kufungua faili, kuna ada ya kulitoa vumbi (naapa alisema hivyo), na kuna ya mkubwa, jumla yake ingetosha mbuzi wawili wazuri. Nikamuuliza, "Na mlango ndio ule?" Akasema ndio, lakini mtu wa kawaida haingii. Nikamwambia anisubiri, nakwenda kuangalia saa. Nikaingia. Kitambulisho, jina kwenye kitabu, mkoba nikauacha, nikalipa kadi ya msomaji kwa pesa isiyofika ya chakula cha mchana kwenye hoteli yenye vitambaa mezani. Kwa kadiri nijuavyo, bado ananisubiri na koti lake.

Chini kuna mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966. Usikwame hapo siku ya kwanza, utachelewa. Chumba cha kusomea kiko juu. Nenda na penseli. Kalamu ya wino hairuhusiwi karibu na karatasi hizo, na kuna raha kuwaona madaktari wa falsafa wakiomba kichongeo. Nenda na sweta pia.

Basi nikakaa kwenye kompyuta ya katalogi nikaandika Kasigau. Yakaja mafaili, nikafurahi kama mtoto. Nikajaza fomu, nikaletewa. La kwanza wanyamapori. La pili maji ya mifugo, ugomvi mrefu wa bomba ambao nikiri niliusoma wote mpaka mwisho, maana yule ofisa wa maji na yule mwenye ng'ombe walichukiana kwa ufundi mkubwa. La tatu msitu. Yote ya miaka ya arobaini kuendelea. Nikabadilisha, nikaandika neno la vita. Yakaja ya wapagazi, ya punda, ya nani alipwe nini. Nikaandika jina la babu mkuu, la ndugu yake, la mzee wa ukoo. Hakuna kitu. Kila jioni natoka na kurasa za notisi juu ya punda wa serikali, na wale wa nyumbani wananipigia simu: "Umempata mzee?"

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa pale kaunta. Nilikuwa nimempelekea fomu nyingine yenye jina la babu. Akaitazama, akaniambia, "Mzee wangu, usinitajie babu yako ni nani. Nitajie mwaka huo ni ofisi gani ilikuwa na shida naye."

Hapo ndipo kichwa kilipofunguka, na ningependa yule mwalimu mstaafu angeniambia hili badala ya habari za profesa. Nyaraka hazikupangwa kwa watu wala kwa visa. Zimepangwa kwa ofisi iliyoziandika, vilevile zilivyokuwa kabatini mwa bwana DC, yaani mkuu wa wilaya. Babu yako hana faili. Ofisa aliyemhamisha ndiye mwenye faili, na ndani yake babu yako ni mzigo, gharama, au idadi. Ukimtafuta babu utakesha. Tafuta mtu aliyetakiwa kutoa taarifa juu yake.

Na taarifa zilikuwa na njia yake. DC anaandika ripoti ya mwaka, nakala kwa mkuu wa mkoa, nyingine Nairobi, moja inabaki kwake. Hiyo tabia ya kuzidisha nakala imetuokoa, kwa sababu makao makuu ya serikali Nairobi yaliungua mwaka 1939 na karatasi nyingi za zamani zikaenda na moto. Ofisi za wilaya na mikoa hazikuungua. Kwa hiyo yule aliyeapa juu ya kuchomwa hakuota kabisa, ila moto aliousikia yeye ni ule wa kuelekea uhuru, Waingereza walipoharibu mafaili yao ya siri. Na yule wa "zilibebwa zote" alichanganya na mafaili ya Hanslope Park yaliyofichuliwa mwaka 2011 wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau: mafaili kama 1,500 ya Kenya yalikuwa yamefichwa huko Uingereza. Yale ni ya mambo ya hali ya hatari, miaka ya hamsini. Mtu wa Kasigau wa 1915 hayamhusu.

Sasa ujanja wangu, na huu sikufundishwa na mtu. Mwaka 1915 hakukuwa na "Coast Province". Mkoa uliitwa Seyidie, mkuu wake C. W. Hobley, amekaa Mombasa. Taita wanaiandika Teita. Kasigau wanaiandika Kasigao. Ukiandika kama tunavyoandika leo, kompyuta inakutazama tu. Hiyo ni hatua moja. Ya pili ndiyo inayonifanya nitembee kifua mbele hapa Rukanga: nikaiacha Taita kabisa. Nilijiambia, mlimani watu wameondolewa, nani ataandika juu yao huko? Ofisa wa Taita ameshawaondoa, kazi yake imekwisha, hana la kusema. Lakini watu waliohamishwa hawali hewa. Kule walikopelekwa kuna ofisa mwingine ambaye hakuwaomba, amebwagiwa umati wenye njaa na homa, na lazima analalamika juu ya posho. Nikaomba ripoti za Malindi.

Ripoti nyingi za wilaya zimepigwa picha kwenye mikrofilamu tangu miaka ya sitini, kazi iliyofanywa pamoja na Chuo Kikuu cha Syracuse cha Marekani, na ndiyo maana nakala ziko hata huko New York. Ile mashine ya kuisomea mikrofilamu ina mkono wa kuzungusha. Ukizungusha haraka, kurasa zinapita kama uko kwenye matatu inayokata kona za Mwatate, na tumbo linakujibu hivyohivyo. Herufi zinakuja zimefifia, mahali pengine mchwa ametangulia kusoma, tobo linaanzia ukurasa mmoja linatokea kumi mbele. Mvua. Mikorosho. Kodi ya nyumba. Nikawa nazungusha kwa kidole kimoja. Kisha nikaiona "Kasigao", K yake kubwa imeruka juu ya mstari kwa sababu taipureta ya bwana yule ilikuwa na kasoro.

Ni sentensi chache, kavu kama mahindi ya mbegu. Watu wa Kasigao wako hapa, wanatakiwa kulishwa, wanaugua. Nilipiga kiganja mezani kwa furaha na nikaonywa, haki yao. Nikainakili kwa penseli mara mbili, ya pili ikiwa ya kumwonyesha bwana wa miwani.

Kutoka hapo mambo yalinyooka. Kwa miaka ya kurudi nilitumia ripoti za makabidhiano, ambazo DC anayeondoka humwandikia anayeingia. Zisome hizo kabla ya kitu kingine chochote. Ripoti ya mwaka inapambwa kwa ajili ya wakubwa. Ya makabidhiano inasema chifu gani mwongo, barabara gani haipitiki, na watu gani kila mwaka wanaomba kurudi mlimani kwao.

Jambo moja wenzangu wa kamati hawakulipenda. Karatasi hizi zinauita mkasa ule usaliti, tena bila kusitasita. Walitaka nilifiche. Nilikataa. Aliyeandika ndiye aliyekuwa anashtaki, na wazee wetu hawakupewa taipureta. Nyanya alisema watu walikuja na bunduki wakauliza maji yako wapi. Ningependa kumwona ofisa ambaye angekataa kujibu. Kwa hiyo nimeweka vyote viwili kwenye waraka wetu, maneno ya ofisa na maneno ya nyanya, na anayesoma ana akili zake.

Ukienda, omba nakala ziwe zimethibitishwa kwa mhuri wa Nyaraka za Taifa. Fotokopi tupu, karani wa ofisi ya ardhi anaigeuzageuza kama noti bandia; yenye mhuri anaitafutia bahasha. Simu usiitoe kabla ya kuuliza. Faili ambalo halijafikisha miaka thelathini kwa kawaida hupewi, usigombane na mtu. Andika namba ya kumbukumbu ya kila ukurasa hapohapo, maana usiku hotelini zote zinafanana. Gharama yangu kubwa ilikuwa kulala na kula. Karatasi zenyewe ziligharimu kidogo kuliko mandazi niliyokula nikizisubiri.

Bwana wa miwani alisoma nakala yake polepole, akaniuliza kama nina nyingine za upande wao. Nimempa anwani ya Moi Avenue na nikamwambia abebe penseli.

Iliyobaki ni barua ambazo Nairobi ilimwandikia waziri wa makoloni London. Ziko Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, katika mfululizo wa CO 533. Mpwa wangu anaishi huko, nimemtuma. Ameniambia kusoma ni bure ila kadi inataka kitambulisho na uthibitisho wa anwani, na anwani yake kwa sasa ni kochi la rafiki yake. Nimemwambia ahamie kwanza, halafu aanze na Agosti 1915, aandike Kasigao kwa "o".