Leseni ya Kenya ukihamia Italia: una mwaka 1 tu

Malindi hapakosi mtu anayefunga mizigo kwenda Italia, kwa ndoa au kwa kazi. Wengi huondoka wakiamini kwamba leseni yao watabadilishiwa huko kama wanavyobadilishiwa pesa. Haibadilishwi. Italia hubadilisha leseni za nchi ilizowekeana nazo mkataba, kama Moroko na Tunisia, na Kenya haimo.

Anayekwenda kutembea tu hana tabu: leseni hai ya Kenya pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva, au tafsiri rasmi ya Kiitaliano, inamtosha. Anayehamia ndiye wa kuhesabu siku. Mwaka wake 1 unaanza pale jina lake linapoingia kwenye daftari la wakazi la manispaa. Ukipita, leseni yake ya Kenya haimruhusu tena kuendesha huko, hata awe ameendesha matatu ya Mombasa miaka 20.

Kibali hicho cha kimataifa kichukue AA Kenya, chama cha wenye magari, kabla ya kusafiri. Ukishafika Milano umechelewa, kwa kuwa Italia huwapa wenye leseni ya Italia. Nacho ni tafsiri tu: leseni yako ikiisha muda, kijitabu hakina kazi. Zile "leseni za kimataifa" zinazouzwa mtandaoni usizitolee hata shilingi.

Ili uendelee kuendesha, sharti ufanye mtihani upate leseni ya Italia, kwa hiyo anza masomo mapema, usingoje mwezi wa kumi wa mwaka wako huo. Mtihani wa nadharia una sentensi 30 za kweli au si kweli, kwa dakika 20. Makosa 3 unapita, la nne umeanguka. Kiitaliano cha ufuoni, hata kiwe kinatiririka, hakitoshi hapa. Carreggiata ni upana wote wanamopita magari. Corsia ni leni moja ndani ya upana huo. Ukiyachanganya maneno hayo mawili, maswali kadhaa yamekwenda. Na kwenye njia panda isiyo na alama yoyote, unampisha anayetokea kulia kwako. Hiyo ishike sana.

Barabarani, kinachowaponza madereva wazoefu ni mikono. Kule gari hupita kulia na usukani uko kushoto. Unataka kubadilisha gia, mkono wa kushoto unagonga mlango. Unataka kuwasha indiketa, waipa zinaanza kufuta kioo kikavu, kwa sababu magari yetu mengi ni ya Japani, indiketa iko kulia kwa usukani. Kule iko kushoto. Raundabauti nayo inazungukwa kinyume na tulivyozoea. Ukiweza, kaa na gari uwanjani saa nzima, hata injini ikiwa imezimwa, uzoeze mikono peke yake.

Ukifanya mtihani kwa gari la otomatiki, leseni hupigwa alama ya 78, na gari la gia za mkono huruhusiwi. Anayetafuta kazi ya udereva ajifunze la gia za mkono.

Ukifaulu, leseni hiyo inakubalika katika nchi zote 27 za Umoja wa Ulaya bila kubadilishwa. Lakini miaka 3 ya kwanza mwisho wako ni kilomita 100 kwa saa kwenye autostrada, yaani barabara za mwendo kasi, na 90 kwenye barabara kuu nyingine, na pombe hata tone hairuhusiwi. Uzoefu wako wa Kenya hauhesabiwi.

Ile ya Kenya usiitupe. Endelea kuihuisha, ya mwaka 1 au ya miaka 3, ili ukirudi Malindi likizo uwe na leseni ya nyumbani mfukoni.