Onyo lililojificha hatua ya 9
Kabla ya kuandika miongozo ya programu nilikuwa mwandishi wa habari. Nafasi ikibana, mhariri alikata habari kuanzia chini. Ukiweka jambo kuu aya ya mwisho, limekwenda na maji.

Juzi nikafungua mwongozo wetu wa kurejesha data. Aya tatu za historia ya mfumo, kisha, kwenye hatua ya 9, onyo kwamba amri ya hatua ya 4 inafuta nakala ya zamani. Hatua ya 9, jamani!

Nimelipandisha hadi sentensi ya kwanza: “Amri ya hatua ya 4 inafuta nakala ya zamani, ihifadhi kwingine kwanza.” Historia nimeisukuma mwisho kabisa. Hatua zenyewe sikuzigusa, maana hizo hufuata mpangilio wa kazi, si uzito wa habari.