Siku Yangu na Vyombo vya Upasuaji wa Matundu

Saa 12:30 asubuhi. Nafungua trei kabla daktari yeyote hajafika. Mimi ni muuguzi wa vyombo kwenye upasuaji wa matundu, ambapo daktari hupitisha kamera na vyombo virefu kwenye vitundu vidogo tumboni, na kazi yangu huanza kwa macho. Nashika koleo refu lenye unene wa milimita 5, nalizungusha polepole chini ya taa, nikikagua plastiki nyeusi inayozuia umeme usitoke ila nchani. Leo, karibu na shingo, naona mkwaruzo mwembamba kama unywele. Naliweka kando. Umeme ukivujia hapo, unaweza kuunguza utumbo mahali ambapo kamera haioni, na mgonjwa akaja kuzidiwa siku kadhaa baadaye.

Saa 2:30. Mama mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo ameshalala kwa dawa ya usingizi. Daktari anapenyeza sindano ya Veress kitovuni. Ndani yake mna springi inayosukuma ncha butu mbele mara ukuta wa tumbo unapopenyezwa, ili matumbo yasichomwe. Ilibuniwa miaka ya 1930 kwa ajili ya vifua vya wagonjwa wa kifua kikuu, na mpaka leo inatufaa. Hewa ya kaboni dioksaidi inaingia, tumbo linainuka, na mashine inashikilia shinikizo kwenye milimita 12 za zebaki.

Saa 3:00. Lenzi nimeipasha kwenye maji moto ya chumvi isije ikashika ukungu. Daktari anasema, "Sista, washa kijani." Mgonjwa alichomwa mapema rangi ya indosayanini, ambayo ini huitoa pamoja na nyongo. Nabonyeza mwanga maalumu wa kamera unaoiwasha rangi hiyo, na katikati ya mafuta ya manjano mrija wa nyongo unang'aa kijani wote. Erich Mühe alipotoa mfuko wa nyongo kwa njia hii Ujerumani mwaka 1985, hakuwa na mwanga huu. Kwangu mimi, hakuna kifaa kipya kinachoushinda, maana kukata mrija mkuu wa nyongo kwa kudhani ni ule mdogo wa mfuko ndiko tunakokuogopa kuliko yote.

Saa 5:00, ngiri. Imekwenda vizuri.

Saa 8:00 mchana, kuosha. Vyombo vinavyojikunja nchani humrahisishia daktari kushona, lakini viungo vyake hunasa damu. Napiga brashi, nasukuma maji ndani ya mrija mpaka yatoke meupe, narudia.

Saa 10:00 jioni nafunga lebo kwenye lile koleo: lisitumike. Napitia wodini. Mama wa asubuhi ameketi kitandani, plasta nne ndogo tumboni, anaomba maji.