Misuli Ilivutwa, Neva Ikaudhika

Desemba 2014, saa 11:30 alfajiri, tulitoka Tanga mjini na baiskeli tano kuelekea Pangani kwa njia ya Kigombe. Ni karibu kilomita 50, na wakati ule barabara ilikuwa ya vumbi, yenye matuta madogo madogo yanayotikisa mpaka meno. Siku mbili kabla nilikuwa nimepandisha siti kiasi cha upana wa vidole viwili, kwa kuwa niliona wenye mbio wote wanakaa juu. Sikupima chochote.

Tulipoipita Tongoni nilihisi kama uzi wa moto umeanzia ndani ya tako la kulia, ukashuka nyuma ya paja, ukavuka goti, ukafika kidole gumba cha mguu. Nikavumilia. Karibu na Kigombe, kwenye mashamba ya mkonge, shavu la mguu uleule likakaza likawa gumu kama jiwe, nikaanguka pembeni ya njia.

Mzee mmoja wa kundi letu alininyoosha goti, akashika vidole vya mguu na kuvivuta kuelekea muundi. "Tulia, mwanangu. Nikiachia mapema litarudi." Akashikilia kama nusu dakika, msuli ukalegea. Mwingine akaleta dafu na chumvi. Dafu ni zuri kwa mtu aliyetoka jasho, ila msuli huwa unashika hasa kwa sababu umechoka: amri ya kujikunja inazidi amri ya kulegea. Na siti iliyo juu mno humlazimisha mtu kukanyaga kwa ncha ya mguu, shavu likawa linafanya kazi likiwa limejikunja saa zote. Msuli wa namna hiyo hauchelewi kushika.

Kosa kubwa nililifanya baada ya hapo. Kwa kuwa kuvuta kuliponya shavu, nikaona nivute na ule uzi wa moto. Nikaweka kisigino juu ya ukuta mfupi, nikainama kugusa vidole. Ilinipiga kama shoti ya umeme, unyayo ukafa ganzi. Nilirudi mjini kwa daladala, baiskeli juu ya keria.

Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, alinilaza chali, akainua mguu wa kulia ukiwa umenyooka. Kufika kama nyuzi 40 maumivu yakakimbia hadi mguuni. Wa kushoto ulipanda karibu wima bila shida. Akanitembeza kwa visigino, kisha kwa vidole, akagonga goti na kisigino kwa nyundo ya mpira. Akauliza kama mkojo au choo kinanipotea, au kama nina ganzi katikati ya mapaja. Sikuwa na lolote kati ya hayo. Mwenye dalili hizo asingoje kesho, aende hospitali siku hiyohiyo, na vilevile ambaye unyayo wake umeanza kuburuta.

"Msuli ulioshika unavutwa," aliniambia. "Neva iliyoudhika haivutwi, inatelezeshwa." Neva ni mshipa wa fahamu, na ndiyo iliyokuwa ule uzi wa moto. Nikae kwenye kiti, nikinyoosha goti niangalie juu, nikilikunja niteremshe kidevu. Kwa hiyo neva ikivutwa chini inaachiwa juu, inateleza bila kukazwa. Mara 10, mara tatu kwa siku, na kusimama kabla maumivu hayajaanza. Alinikataza kulala kitandani mchana kutwa, akataka nitembee.

Baiskeli niliipeleka kwa fundi wa Ngamiani. Alinishikilia nikae juu ya siti, kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: goti linyooke tu, kiuno kisiinamie upande. Ukirudisha pedeli chini ya sehemu pana ya unyayo, goti linabaki limepinda kidogo, kama nyuzi 30. Siti yangu ilikuwa imezidi kipimo hicho kwa sentimita 2.5. Ndiyo maana kila nilipokanyaga kiuno kiliyumba kushoto na kulia, na misuli ya tako ikawa inaibana neva inayopita chini yake. Usukani nao ulikuwa mbali, mgongo wa chini ukapinda kama upinde kwa saa nzima. Fundi aliushusha mlingoti wa siti, akausogeza usukani karibu, akapiga alama ya rangi ya kucha kwenye mlingoti.

Wiki ya saba nilikwenda Amboni na kurudi, taratibu, nikishuka kila baada ya dakika 20 kunyoosha mgongo. Ganzi ya kidole gumba ilibaki mpaka karibu na Pasaka.